Korongo wa Gunia

"Leo korongo 140, bata 62, sululu 9. Na kule ng'ambo yupo korongo mmoja mpweke, amesimama tu kama mwaka jana, hatikisiki. Miguu yote tope mpenzi. Zimebaki wiki 2 uwe mke wangu."

Dafroza aliusoma ujumbe huo akiwa dirishani, mahali pekee katika nyumba ya baba yake pale Keza ambapo simu ilikamata mtandao. Akatabasamu. Akafungua daftari, akaandika tarehe ya Jumamosi hiyo ya Januari 2007, akaanza kunakili hesabu za mchumba wake kama alivyofanya kila Jumamosi tangu Novemba. Korongo mia na arobaini. Bata sitini na wawili. Sululu tisa. Alipofika kwa yule korongo mpweke, kalamu ikasimama.

Akasoma tena. Akasoma mara ya tatu. Tabasamu likaisha.

Akainama, akavuta kutoka uvunguni gunia jeupe la mahindi ya msaada, yale yanayozagaa kila mahali tangu wakimbizi waje, ambalo yeye alilitumia kuwekea vitambaa vyake vya cherehani. Akavimwaga vitambaa vyote sakafuni. Akalikunjua gunia, akaliangalia.

"Idefonsi," alisema peke yake, "wewe mwanaume unanifanya mimi bwege?"

Usimshangae, sikiliza kwanza. Msimu uliopita, ulipoingia uvumi wa mafua ya ndege, ilitakiwa kila lambo lihesabiwe ndege wake, hasa wale wanaokimbia baridi ya kwao Ulaya na kuja kukaa kwetu mpaka Machi. Idefonsi, msaidizi wa bwana mifugo, akapewa lambo la ng'ombe la Nyakahura. Alihitaji mtu wa kumwandikia, maana anayehesabu ndege hashushi macho. Akiyashusha tu, kundi limeshahama na anaanza upya. Yeye huhesabu kumikumi kwa sauti, mwenzake anaandika. Akampata Dafroza, fundi cherehani mwenye mwandiko mzuri na macho makali. Jumamosi ya kwanza waliandika ndege. Jumamosi ya sita walikuwa wamesahau mara mbili kuwa walikuja kuhesabu.

Wiki tatu mfululizo Dafroza alimwonyesha mwenzake korongo mmoja aliyesimama peke yake ng'ambo ya lambo, wakamwandika. Wiki ya nne Idefonsi aliitwa wilayani. Dafroza akazunguka lambo peke yake akamwone huyo ndege kwa karibu, akakuta gunia limenasa kwenye kigingi! Alicheka mpaka akakaa chini kwenye tope. Akalibeba nyumbani, na hakumwambia mtu. Aliona aibu, kisha akajiambia atamwambia Idefonsi siku ya harusi yao, wacheke wote wawili.

Sasa gunia lile lile limefufuka, limesimama ng'ambo, na mchumba wake kaliona!

Akapekua daftari la mwaka jana. Jumamosi ya tatu ya Januari: korongo 140, bata 62, sululu 9, mpweke 1. Akalinganisha ujumbe wa Krismasi na ukurasa wa Krismasi wa daftari hilo. Ule ule. Wa Desemba mwanzoni. Ule ule, hata nukta haikupungua. Idefonsi alikuwa na nakala ya daftari lile, na miezi mitatu alikuwa anamsomea mwandiko wake mwenyewe.

Akampigia.

"Haloo, mwali wangu!"

"Uko wapi?"

"Ndiyo natoka lamboni. Nimechoka, usiniulize."

"Huyo korongo mpweke umemwona kwa macho yako?"

"Kwa macho haya! Amegeuka upande hivi, anajichokonoa mabawa."

"Anajichokonoa mabawa?"

"Eeh, kwa mdomo. Ungekuwepo ungemwonea huruma."

"Haya. Jumamosi ijayo unisalimie huyo mpweke."

Akakata simu. Hasira ilimjaa. Kilio hakikuwepo kabisa.

Kilichompa Idefonsi nafasi ya kudanganya ni mila. Kwao, msichana akishatolewa mahari huwekwa ndani. Hashiki jembe, hapigwi jua, anakunywa maziwa mpaka ngozi ing'ae, na shangazi anamlinda mlangoni kama askari wa benki. Idefonsi alilijua hilo vizuri. Aliomba yeye mwenyewe mwali awekwe ndani mapema, tangu Novemba, na watu wakamsifu kuwa ni kijana anayeheshimu mila.

Jumamosi iliyofuata, saa mbili asubuhi, Dafroza alijifunga kitenge, akavaa viatu, akafungua mlango. Shangazi Theodosia alikuwa amekaa kizingitini anachambua maharage.

"We! Unakwenda wapi? Mwari haoni jua!"

"Leo ataliona, shangazi."

"Imebaki wiki moja, mwanangu. Utaharibu ngozi yote, watu waseme hatukukurea."

"Shangazi, ninaangaliwa ngozi, yeye anaangaliwa na nani?"

Alibaki na ungo wake mapajani, na Dafroza akamruka.

Barabarani alimkuta Yunusu, kijana wa wale wenye duka la nguo Nyakahura, anayeendesha pikipiki ya baba yake. Alipomwona mwali nje, Yunusu nusura aiangushe.

"Dada Dafroza! Si uko ndani wewe?"

"Nipeleke lamboni."

"Lamboni? Lamboni leo... leo kuna matope."

"Yunusu, twende."

Walifika. Maji yalikuwa yametulia, na ndege walikuwepo kweli, wengi, weupe na weusi. Ng'ambo, palipokuwa na kigingi, hapakuwa na kitu. Kando ya maji palijaa nyayo za ng'ombe, lakini ile njia yao ya kwenda mahali pa kuhesabia ilikuwa imeota nyasi mpaka magotini. Hakuna mtu aliyepita pale tangu masika.

Dafroza aligeuka. Yunusu alikuwa anaikagua tairi isiyokuwa na tatizo.

"Unamjua aliko."

"Mimi dada ni dereva tu, nabeba abiria..."

"Umembeba mara ngapi?"

"Dada, nakuomba."

"Nimekuuliza mara ngapi!"

"Kila Jumamosi, hata leo alfajiri," alisema Yunusu, macho chini. "Nampeleka kambi ya wakimbizi. Kwa mwanamke mmoja anaitwa Secilia. Idefonsi aliniambia ni kazi ya ofisi, niifanye siri. Wallahi dada, nilitaka kukwambia, nikaona nitavunja nyumba ya watu."

"Nyumba gani, Yunusu? Ninyi wanaume mnanijengea nyumba bila mimi kujua?"

Akapanda nyuma.

"Nipeleke huko huko."

Njiani alikuwa ameshajiandaa. Alijua atakachokikuta: kitanda, mwanamke, kisingizio. Maneno yake alikuwa ameyapanga tayari. Kumbe hakuwa amejiandaa hata kidogo.

Nyumba ya Secilia ilikuwa ya udongo, imeezekwa turubai, safu ya nne kutoka sokoni. Mlango ulikuwa wazi nusu. Dafroza alinyanyua mkono abishe hodi, akasikia sauti ya kike ndani inauliza kama mwalimu anayetahini.

"Jina lako?"

"Niyongabo, mwana wa Ndikumana."

Ilikuwa sauti ya Idefonsi. Mkono wa Dafroza ukaganda hewani.

"Ulivuka mto lini?"

"Mwaka sabini na mbili. Nilikuwa na miezi minane, mgongoni kwa mama. Tulipofika katikati ya Ruvubu, mbeleko ilifunguka, nikaingia majini."

"Ukaponaje?"

"Baba alinidaka mkono."

"Vizuri. Usisite hapo. Wazungu wakiona unasita watasema umekariri."

Dafroza aliushika ukuta. Niyongabo mwana wa Ndikumana alikuwa kaka yake, wa mwaka ule wazazi wao walipokimbia mauaji ya Burundi. Mbeleko ilifunguka kweli, katikati ya Ruvubu, na baba yake alinyoosha mkono, na hakumdaka. Mzee huyo alikuwa ameisimulia habari hiyo mara moja tu maishani mwake, mwaka jana, jioni, kwa sababu mkwe wake mtarajiwa alimwuliza kwa upole: Mzee, mlivuka wapi? Kilima gani? Parokia gani? Mtoto alikuwa na miezi mingapi? Dafroza alikuwepo, akamwona Idefonsi anamshika mzee mkono, na usiku huo akamshukuru Mungu kwa kumpa mwanaume mwenye moyo.

Akausukuma mlango kwa mguu.

Secilia aliruka. Idefonsi alisimama, karatasi zikamwanguka mapajani.

"Dafroza! Wewe... umetokaje ndani?"

"Kwa mlango."

"Huyu ni nani?" Secilia aliuliza.

"Mimi?" Dafroza alimgeukia. "Mimi ni wifi yako, dada. Mume wako huyu ni kaka yangu. Alizama Ruvubu mwaka sabini na mbili, na mpaka leo hatujampata. Ahsante kwa kututunzia."

"Sielewi."

"Mwulize Niyongabo akueleweshe."

"Dafroza, twende nje tuzungumze," Idefonsi alisema, sauti ya chini, ile anayotumia kwa ng'ombe wagonjwa.

"Tutazungumza hapa hapa. Hizo karatasi ni za nini?"

"Ni safari tu. Wakimbizi wa sabini na mbili wanapelekwa Marekani, unajua. Mwenye familia anapita haraka zaidi, ndiyo nikaandikwa mume wake. Ni makaratasi, Dafroza! Nikifika, baada ya miaka miwili nakuita. Nimefanya kwa ajili yetu!"

"Kwa ajili yetu ndiyo ukanifungia ndani?"

"Nilitaka usipate wasiwasi."

"Ukamchukua marehemu wa watu?"

"Jina tu. Mtoto mwenyewe hakuliishi..."

Kofi lilimkuta kabla hajamaliza. Lilikuwa kofi la fundi cherehani, mkono uliozoea chuma, na jirani alitoka nje kuangalia.

"Rudia! Rudia uliyosema! Baba yangu miaka thelathini na mitano anaamka amenyoosha mkono kitandani. Wewe umekuja ukala ugali wake, ukamtoa machozi, ukaenda kumwandika eti alimdaka! Ungetaka mwanamke mwingine, ningelia wiki moja nikanyamaza. Hili nilifanyeje, Idefonsi?"

"Idefonsi?" Secilia alisema taratibu. "Jina lake si Niyongabo?"

Hapo ndipo Dafroza alipomtazama vizuri mwanamke yule. Alikuwa mwembamba, amevaa kitenge cha sherehe kana kwamba Jumamosi ni sikukuu, na mezani palikuwa na sahani mbili zimefunikwa.

"Jina lake ni Idefonsi, mwana wa Malongo, Mhangaza wa hapa hapa. Jumamosi ijayo ananioa mimi. Alikwambiaje?"

"Aliniambia ni yatima. Kwamba baba yake alifia kambini, kadi ya posho ikapotea, na hana wa kumkumbusha ya kwao, ndiyo maana anasahau." Secilia alimgeukia Idefonsi. "Ulinililia. Hapa hapa, kwenye hiki kiti. Mimi nilikuwa nakufundisha usisahau kwenu!"

"Secilia, wewe unajua nakupenda..."

"Unampenda nani?" wanawake wote wawili waliuliza kwa pamoja.

Idefonsi aliangalia mlango, akaangalia karatasi sakafuni.

Dafroza aliinama, akaokota karatasi yenye jina la kaka yake, akaikunja. Kabla hajatoka, Secilia alimfuata mlangoni.

"Dada. Nipe namba yako ya simu."

"Ya nini?"

"Nipe tu."

Jioni hiyo Dafroza alimweleza baba yake kila kitu. Mzee Ndikumana alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja.

"Alisema nilimdaka?"

"Ndiyo, baba."

Mzee akaingia ndani. Siku mbili hakula. Dafroza aliweka sahani, akaiondoa, akaiweka, na kila alipoiondoa hasira yake ilipanda ngazi moja.

Jumatano Idefonsi alikuja. Hakuja peke yake, mjanja huyo. Alikuja na baba yake Mzee Malongo, na wazee wanne wa ukoo, na beberu wa kuombea msamaha. Alivaa shati jeupe. Uani palijaa majirani, maana habari kama hizi hazihitaji mtandao.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba," walijibu wachache. Mzee Ndikumana hakujibu.

Idefonsi alipiga magoti katikati ya uwanja.

"Baba, mama zangu, nimekosa. Shetani alinipitia. Lakini naomba mnisikilize. Jana nilikwenda mwenyewe ofisini kambini, kwa miguu yangu, nikasema: futeni jina langu, sitaki Marekani. Nimeiacha ile safari. Nimeiacha kwa ajili ya Dafroza. Mwanaume gani mwingine angeacha Marekani kwa ajili ya mwanamke wa Keza?"

Watu wakanong'ona. Kweli, nani angeacha? Shangazi Theodosia alijifuta macho kwa pembe ya kanga.

"Jamani, kijana amejirudi," alisema. "Mchere umeshanunuriwa, wageni wameshaarikwa. Dafroza, mwanangu, rainisha moyo."

Na moyo, tusidanganyane, ulilainika kidogo. Miezi kumi na minne ya mapenzi haitoki kwa siku nne. Alipomwona pale amepiga magoti, na kovu lile kidoleni alilolipata akimvuta yeye kutoka topeni, Dafroza alimsogelea hatua moja. Kama maneno yale yangekuwa ya kweli, labda. Labda angemwacha apige magoti mpaka jioni, kisha angemwambia ainuke.

"Umekwenda mwenyewe kujifuta?" aliuliza.

"Mwenyewe."

"Jana?"

"Jana asubuhi. Haki ya Mungu."

Dafroza akatoa simu.

"Basi ngoja niwasomee wazee ujumbe huu. Uliingia juzi, Jumatatu, saa tisa mchana. Umetoka kwa Secilia."

Idefonsi aliinua kichwa ghafla.

"'Dada Dafroza, leo nimekwenda ofisini nimesema yote. Wamemtoa kwenye faili langu. Wamesema na mimi safari yangu itachelewa, sijui mpaka lini. Sawa. Siwezi kwenda kuishi na jina la mtoto wa watu. Mchana huu alikuja kunipigia magoti nimrudishe. Nimemfukuza. Akija kwako kesho au keshokutwa, ujue ametoka kwangu. Nisalimie mzee.'"

Beberu tu ndiye aliyeendelea kulia.

"Ulianza kwake," Dafroza alisema. "Amekufukuza, ndipo ukakumbuka kuna mwali Keza. Na magoti haya haya, Idefonsi! Hata vumbi la kule hujafuta!"

"Nilichanganyikiwa..."

"Umeshaapa kwa Mungu, usiongeze."

Mzee Ndikumana alinyanyuka. Hakuwa na fimbo, alishika bega la binti yake. Alizungumza polepole, na watu walisogea wasikie.

"Kijana, mimi sina maneno mengi. Ulikuja kwangu mara ya kwanza ukasema unaitwa Idefonsi. Kambini ukasema wewe ni Niyongabo wangu. Kama wewe ni Niyongabo, huyu ni dada yako, huwezi kumwoa, na mimi nataka kujua mwanangu umekuwa wapi miaka yote hii. Kama siye, basi mbele ya watu hawa rudisha jina la mtoto wangu. Wewe ni nani?"

Idefonsi alimtazama baba yake. Mzee Malongo alikuwa ameuziba uso kwa kofia.

"Ni Idefonsi," alisema kwa sauti ndogo.

"Sisikii," alisema Dafroza.

"Mimi ni Idefonsi! Mwana wa Malongo!"

"Na Niyongabo?"

"Si mimi."

"Niyongabo yuko wapi?"

Kijana alimeza mate.

"Alizama."

"Alidakwa?"

"Hakudakwa."

Mzee Ndikumana aliitikia kwa kichwa, mara moja. Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi, na hakuyafuta.

"Mwana wanje, mwanangu," alisema, na hakuwa akimwambia yeyote pale uani. Kisha akamgeukia Malongo. "Mzee mwenzangu, ng'ombe wako wa mahari wako zizini wote. Ondoka nao leo. Mimi na wewe hatuna ugomvi."

Mzee Malongo alisimama, akavaa kofia, akawaashiria wenzake. Wazee wakaanza kutoka mmoja mmoja, na beberu wao, na ng'ombe wakitangulizwa njiani. Shangazi Theodosia aliingia jikoni, akaanza kugawia majirani mchele wa harusi usiokuwa na harusi.

Idefonsi alibaki amepiga magoti peke yake.

"Dafroza. Marekani nimeikosa. Secilia amenifukuza. Kazini wakisikia nimetunga hesabu za ndege, na kazi imekwenda. Sasa mimi nitakwenda wapi?"

Dafroza alikuwa ameshamgeuzia mgongo, amemshika baba yake mkono waingie ndani. Akasimama.

"Nenda kwenu, Idefonsi," alisema. "Wewe unako kwenu."